Haki ya Paka Aliyefungiwa Mlango

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyewaumba wenye kusema na wasioweza kusema, akamkadiria kila mmoja riziki yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu, pamoja na ali zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, mlioko misikitini na mnaotusikiliza majumbani, nanyi wanafunzi wa vyuo na madrasa: mazungumzo yetu ya leo yametokana na swali tuliloulizwa.

Alitujia mama mmoja baada ya darsa ya alasiri. Jamaa zake walikuwa wamefiwa ng'ambo ya maji, naye akaondoka na watoto wake wote kwenda kuzika, wakitazamia kulala huko usiku mmoja na kurudi. Bahari ikachafuka, chombo hakikuondoka, na usiku mmoja ukawa mitatu. Waliporudi na kufungua stoo ya unga walimkuta paka wao amelala nyuma ya mlango. Alikuwa amejipenyeza humo wakati wa kufunga mizigo, na mlango ukatiwa kufuli pasipo mtu kumwona. Alikuwa bado anapumua. Kesho yake akafa. Mama yule alituuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, je, ndiye mimi yule mwanamke wa hadithi?"

Swali hili si dogo, na wengi wetu tunaondoka majumbani kwa harusi, misiba, ziara na Maulidi bila ya kujiuliza. Basi tumeona tulijibu kwa kuirudia historia, tuone waliotutangulia walilifahamu vipi jambo hili.

Hadithi aliyoikusudia mama yule ni mashuhuri, nayo imo katika Sahihi mbili, ya Imam Bukhari na ya Imam Muslim. Ameipokea Abdullahi bin Umar, ameipokea Abu Huraira, na wengineo. Muhtasari wake ni kwamba mwanamke mmoja aliingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimzuia mpaka akafa; hakumpa chakula wala maji, wala hakumwacha huru akajitafutia vijidudu vya ardhini. Katika mapokezi ya Bibi Asmaa binti Abubakar, na katika yale ya Jabir bin Abdillahi, tunapata pia wakati ilipotajwa habari hii. Ilikuwa siku ya kupatwa kwa jua mjini Madina, mwaka wa 10 wa Hijra, sawa na mwaka 632, siku ile ile alipofariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume (S.A.W.). Watu walidhani kwamba jua limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Mtume (S.A.W.) akawakatalia dhana hiyo, akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu yeyote. Akasimama nao katika sala ndefu, na katika sala hiyo akaonyeshwa Pepo na Moto, na miongoni mwa aliowaona alikuwamo mwanamke yule na paka wake.

Tuzingatie hapo, ndugu zetu. Baba amefiwa na mwanawe siku hiyo hiyo, jua limetiwa giza mchana, watu wamejaa hofu. Na katika saa nzito kama hiyo umma unaelezwa habari ya paka mmoja aliyekufa kwa njaa nyuma ya mlango. Jambo lililotajwa katika saa kama ile haliwezi kuwa jambo dogo.

Wapokezi wamelieleza kosa la mwanamke yule kwa matamko matatu ya Kiarabu: katika mapokezi mengine imesemwa kwamba alimfunga kwa kamba, katika mengine kwamba alimzuia, na katika mengine kwamba alimtia kifungoni, kwa tamko lile lile linalotumika kwa mfungwa wa gerezani. Hatukupata katika mapokezi hayo kwamba alimpiga, wala kwamba alimchukia. Huenda alimpenda! Kosa lake lilikuwa kumwondolea mnyama uwezo wa kujitafutia, kisha asichukue yeye mzigo wa kumtafutia. Anayefunga mlango huchukua dhamana ya kila aliyemfungia ndani. Hiyo ndiyo nguzo ya mazungumzo yetu yote.

Sahaba wenyewe walijadiliana juu ya habari hii. Imepokewa kwamba Bibi Aisha (R.A.) alimkabili Abu Huraira juu yake, akaona kwamba Muumini ni mtukufu mno mbele ya Mwenyezi Mungu hata asiadhibiwe kwa ajili ya paka tu, na kwamba mwanamke yule alikuwa pia kafiri. Karne nyingi baadaye Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, aliona kwamba sahihi ni kuwa alikuwa Mwislamu, na kwamba paka ndiye aliyekuwa sababu. Akaongeza jambo la maana sana: dhambi ile ilikuwa kubwa kwa kuwa aliishikilia. Yaani haikuwa ghafula ya saa moja. Paka hafi kwa njaa kwa saa moja. Kulikuwa na asubuhi, na jioni, na asubuhi nyingine. Na katika kila moja ya nyakati hizo mlango ungeweza kufunguliwa, na haukufunguliwa.

Sasa tumtazame mtu aliyekuwa kinyume cha mwanamke huyo. Abu Huraira alikuwa mtu wa kabila la Daus, kutoka Yemen, aliyefika kwa Mtume (S.A.W.) wakati wa vita vya Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra. Watu wengi wanalijua lakabu lake, na wachache wanajua lilikotoka. Katika mapokezi ya Imam Tirmidhi ameeleza mwenyewe kwamba alikuwa akichunga kondoo na mbuzi wa jamaa zake, naye alikuwa na paka mdogo. Usiku alikuwa akimweka juu ya mti, na kulipokucha akimchukua kwenda naye malishoni na kucheza naye. Kwa hiyo watu wakamwita Abu Huraira, yaani mwenye kipaka. Angalieni: hata mchungaji asiye na nyumba ya mawe wala kufuli aliona kwamba usiku wa paka wake unahitaji kufikiriwa. Hakumwacha chini gizani, alimchagulia mahali. Na ni mtu huyu mwenye kipaka aliye miongoni mwa waliotupokelea habari ya mwanamke yule.

Yupo tena Abu Qatada, sahaba wa Kiansari. Siku moja aliingia nyumbani, na mkwe wake Kabsha, binti wa Kaab bin Malik, akammiminia maji ya kutawadhia. Paka akaja kutaka kunywa, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipomwona Kabsha anamtazama kwa mshangao, alimweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wale wenye kutuzungukazunguka majumbani. Habari hii imo katika Muwatta ya Imam Malik na katika vitabu vya Sunan. Maulamaa wamefafanua kwamba neno hilo la wenye kuzunguka linashabihiana na lile lililotumiwa katika Surat Nur kwa watumishi na watoto wa nyumbani, wanaoingia na kutoka vyumbani. Kwa hiyo paka amehesabiwa pamoja na watu wa nyumba. Basi mwenye safari anayewahesabu watu wa nyumba yake, huyu naye na amhesabu.

Kabla ya kuendelea, tuwatanabahishe wanafunzi wetu juu ya jambo moja. Kimeenea sana kisa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na paka mwenye jina maalumu, na kwamba alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe. Kisa hicho hakimo katika vitabu sita vya hadithi, wala hakina isnadi ya kutegemewa. Kinachofanana nacho kimesimuliwa na wanahistoria kuhusu Sheikh Ahmad Rifai wa Iraq, aliyefariki mwaka 578 wa Hijra, sawa na mwaka 1182: paka alilala juu ya mkono wa nguo yake, wakati wa sala ukaingia, akaukata mkono wa nguo, na baada ya sala akaushona tena. Tusimzulie Mtume wetu hata jambo zuri, yaliyothibiti yanatutosha.

Mafundisho haya hayakubaki kuwa mawaidha tu. Yaliingia katika sheria. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki Misri mwaka 660 wa Hijra, sawa na mwaka 1262, aliziorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu. Miongoni mwake ni kuwapa matumizi yao hata wakizeeka au wakiugua kiasi cha kutoweza kumfaa mwenyewe kwa lolote. Naye Imam Nawawi aliandika katika Minhaj, kitabu kinachosomwa katika darsa za Kishafii za pwani yetu tangu zamani, kwamba ni wajibu wa mwenye mnyama kumpa chakula na maji, na akikataa hulazimishwa. Mafakihi wakaeleza kwamba kumwachia mnyama ajitafutie kunatosha, ikiwa anayoyapata huko yanamtosha. Ndipo tunapoziona njia zile zile za hadithi: mlishe na umnyweshe, au mwache huru mahali atakapopata riziki yake. Njia nyingine haipo.

Wakati Imam Nawawi akiandika hukumu hizi huko Sham, mtawala wa Sham na Misri alikuwa Sultani Dhahir Baibars, aliyetawala kuanzia mwaka 1260 mpaka 1277. Wawili hawa hawakuwa marafiki; Nawawi alimwandikia Sultani barua za kumpinga alipotaka kuzitia mkononi mali za watu wa Damascus. Wote wawili walifariki katika mwaka mmoja, 676 wa Hijra, sawa na mwaka 1277. Mwanachuoni aliacha kitabu. Sultani, pamoja na vita vyake vyote, imesimuliwa kwamba aliacha bustani.

Habari ya bustani hiyo ameiandika Mwingereza Edward William Lane, aliyekaa Cairo katika miaka ya 1820 na 1830, katika kitabu chake kuhusu desturi za Wamisri kilichochapishwa mwaka 1836. Alieleza kwamba Baibars aliiwekea wakfu bustani iliyokuwa karibu na msikiti wake, kaskazini ya Cairo, ili mapato yake yawalishe paka wasio na mwenyewe; nayo ikaitwa Bustani ya Paka. Kila siku alasiri vyakula vya paka vililetwa katika uwanja mkubwa wa mahakama ya Kadhi, na paka wa mji wakakusanyika hapo.

Hebu tufikirie maana ya wakfu huu. Sultani aliulizia swali lile lile ambalo kila mwenye safari hujiuliza: nikiondoka, nani atawalisha? Naye alikuwa akiifikiria safari isiyo na marejeo. Na hakuwa peke yake katika fikira hiyo; Dokta Mustafa Sibai wa Syria ametaja katika maandishi yake juu ya ustaarabu wetu kwamba mji wa Damascus nao ulikuwa na wakfu wa paka.

Lakini historia isiyosema kweli haina faida, na Lane alieleza pia mwisho wa bustani ile. Wasimamizi waliiuza, na walionunua wakaiuza tena na tena, kwa kisingizio kwamba imechakaa na haizalishi bila ya gharama kubwa. Katika zama za Lane kilichobaki kwa ajili ya paka kilikuwa kodi ya piasta 15 tu kwa mwaka. Mzigo wa kuwalisha ukamwangukia Kadhi, kwa kuwa yeye kwa cheo chake ndiye mlinzi wa wakfu, akalipa kwa uzembe wa waliomtangulia. Na mwishowe hata kulisha huko kukawa kwa upungufu. Watu wa mji nao, kila aliyechoka na paka wake, walimchukua wakamwachia katika uwanja wa Kadhi, wakaenda zao.

Inakuwaje bustani ya Sultani ikaliwa namna hii? Sababu ni nyepesi kuifahamu. Yatima akidhulumiwa, siku moja hukua akadai. Mjane ana ndugu wa kumsemea. Paka hakui akadai, hana ndugu, hana wakili, na hawezi kusimama mbele ya kadhi akasema: bustani yangu iko wapi? Amana ya asiyeweza kusema ndiyo amana inayoliwa kwa wepesi kuliko zote. Kwa hiyo ndiyo inayotupima zaidi, kwani hakuna anayeiona isipokuwa Mwenyezi Mungu.

Tuje sasa katika miji yetu wenyewe. Watu wa pwani wameishi na paka tangu zamani, majumbani, misikitini na vyomboni, ambako paka alizuia panya wasiharibu shehena. Lamu mpaka leo inajulikana kwa paka wake wanaojaa vichochoroni na sokoni samaki wanapopasuliwa. Wazee wetu walisema, paka akiondoka, panya hutawala. Walijua faida yake. Na nyumba za wazee wetu zilikuwa na ua ulio wazi juu, na za makuti zilikuwa na upenyo kati ya ukuta na paa. Mwenye nyumba akisafiri, paka alitoka na kuingia apendavyo, akaenda kwa jirani, akaenda pwani. Bila ya kukusudia, watu wale walikuwa wakiitimiza ile njia ya kumwacha huru.

Leo nyumba zetu za mijini zina milango ya chuma, madirisha ya nondo na nyavu za mbu, na wengine tunaishi ghorofa ya tatu na ya nne. Kwa wizi uliopo hatuwalaumu wenye kufunga. Lakini tufahamu kwamba hukumu hugeuka pamoja na nyumba. Paka aliyemo ndani ya nyumba iliyofungwa hana vijidudu vya ardhi wala jirani. Njia ya pili imezibwa, imebaki ile ya kwanza: chakula na maji. Alichokuwa babu yetu akikiacha bila ya makosa, mjukuu wake hawezi kukiacha.

Basi mwenye kuondoka kwa usiku mmoja na afanye nini? Kwanza, amwone paka wake kwa macho kabla ya kutia ufunguo. Afungue stoo, kabati na chumba cha uani, kwani paka hupenda kujificha mizigo inapofungwa. Pili, amwekee maji safi katika vyombo viwili, maana kimoja huenda kikamwagika, na chakula kikavu kisichooza, kwa kuwa samaki aliyelazwa katika joto letu huharibika na kuingia sisimizi. Tatu, amwachie sanduku la mchanga na mahali penye hewa. Paka mzima mwenye afya aliyeandaliwa hivi ataweza kukaa usiku mmoja. Mtoto wa paka hawezi, kwani huhitaji kula mara nyingi kwa siku; wala mgonjwa, wala anayenyonyesha. Madaktari wa wanyama wanatufundisha kwamba paka asiyekula kwa siku kadhaa huweza kuharibika ini, na kwamba paka dume aliyezibwa na mkojo huweza kufa kwa siku mbili au tatu tu asipotibiwa. Vitu hivi chakula kilichoachwa sahanini hakiviponyi; vinahitaji jicho la mtu.

Kwa hiyo, nne, nalo ndilo kubwa kuliko yote, amwachie jirani ufunguo. Msafiri hujua siku ya kuondoka, hajui siku ya kurudi. Bahari huchafuka, gari huharibika, maziko huahirishwa, mgonjwa tuliyekwenda kumtazama huzidiwa. Aliyepanga usiku mmoja na apange kama aliyepanga mitatu. Wala jirani asione kwamba anaombwa jambo la upuuzi. Atakayekwenda kumimina maji katika bakuli la paka wa mwenzake ana ujira, kama alivyokuwa na ujira yule mtu wa hadithi aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu kwa khofu yake, Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Tumalizie kwa mama aliyetuuliza. Tulimjibu: La, mama, wewe si yule mwanamke. Yule alijua kwamba paka yumo, akaendelea kujua siku baada ya siku, na akaacha mlango umefungwa. Wewe hukujua, na Mwenyezi Mungu ni Mpole, hamwadhibu mja kwa kosa asilolikusudia. Kulia kwako ni dalili ya moyo ulio hai. Lakini sasa umejua kwamba mlango unaweza kumfungia asiyeonekana, na ujuzi huo ni dhamana mpya. Ukisafiri tena, hutakuwa na udhuru uliokuwa nao mara ya kwanza. Na sisi sote tuliosikia habari yako tumekuwa sawa nawe katika hilo.

Tumepata habari kwamba mama yule amechukua mtoto wa paka kutoka kwa jirani yake, na kwamba ufunguo wa pili wa nyumba yake sasa umetundikwa kwa jirani huyo huyo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu kwa kila aliye chini ya mikono yetu, mwenye kusema na asiyesema. Atusamehe tuliyoyakosea kwa kutojua, na atulinde tusiyashikilie baada ya kujua. Awarehemu wazee wetu na maulamaa wetu waliotuhifadhia elimu hii. Amin.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.